Mahakama Ilipopoteza Talaka ya Exildah

Jua bado halijavuka kilima cha vifusi vya mgodi, na tayari Soko la Lubansa linasikia nyundo ya Exildah Kapembwa. Amekalia rimu ya gari iliyolazwa chini, chitenge kimefungwa kiunoni juu ya suruali ya kazi. Mbele ya magoti yake kuna kipande cha reli. Juu ya reli kuna bati lililokatwa kutoka kwenye pipa la mafuta, na kabla ya mchana litakuwa jiko la mkaa.

Anapiga, anageuza, anapiga tena. Tindo linatoboa matundu ya kupitishia hewa, moja baada ya jingine, bila kupimiwa na chochote isipokuwa jicho.

"Leo usinisogelee sana," ananiambia bila kuinua kichwa. "Kuna siku napiga bati, na kuna siku nampiga mtu ambaye hayupo."

Jirani yake wa meza ya pili, mzee Jere anayeziba ndoo na masufuria, anacheka. Jere ni Mngoni na Exildah ni Mbemba, kwa hiyo ni watani kwa kabila, wana ruhusa ya kutukanana mchana kutwa. Anasema tangu mla nyani huyu aanze kesi, majiko yake hayapindiki hata ukiyakanyaga. Exildah anamwambia mla panya azibe ndoo za watu.

Ana miaka hamsini na mmoja. Mtaani anaitwa Mama Chileshe, kwa jina la binti yake ambaye sasa ni muuguzi katika wilaya nyingine. Kwenye safu hii ya mafundi bati mwanamke ni yeye peke yake. Mgao wa umeme ukikaza, anauza majiko manne au matano kwa siku. Umeme ukiwaka mji mzima, anarudi nyumbani na kwacha za unga tu.

Kwa majiko hayo alimsomesha binti. Kwa majiko hayo alijenga nyumba ya vyumba vitatu kando ya barabara iendayo mgodini. Na ni nyumba hiyo iliyomrudisha mume.

"Usiandike mume," ananikatiza, nyundo ikiwa hewani. "Andika mtalaka wangu. Hilo neno limenitoa jasho, nalitaka gazetini."

Mtalaka huyo ni Davies Mukupa, aliyekuwa dereva wa lori mgodini walipooana. Aliposa kwa heshima zote. Mshenga wake, mzee Chishala, alibeba sahani mbili zilizofunikana, pesa kidogo na ushanga ndani yake, akapiga magoti mbele ya mjomba wa binti. Mjomba Kangwa, ambaye ndiye mwenye neno, akaifunua sahani. Ndoa ikawa ndoa.

Mwaka wa pili vipigo vilianza. Alipigwa kwa ajili ya chakula kilichopoa, akapigwa kwa ajili ya maji ya kuoga, na siku moja akapigwa kwa sababu alimwitikia jirani salamu kwa uchangamfu. Wakati huo alikwisha jifunza kazi ya bati kutoka kwa kaka yake, na pesa yake ndiyo iliyokuwa ikinunua unga, maana ya dereva ilikuwa ikiishia baa.

Kwa mjomba alikimbilia mara mbili, na mara zote mbili alirudishwa na maneno yale yale ambayo kila mwanamke wa huku ameyasikia jikoni kabla ya harusi, kwamba ndoa ni kuvumilia.

Kisha Mukupa akaiuza reli. Alikibeba kile kipande cha chuma ambacho mkewe alikuwa akifulia bati, akampelekea mnunuzi wa vyuma chakavu, akanywea bia.

"Makofi nilikuwa nimeyazoea, Mungu anisamehe," anasema Exildah. "Ila kuuza reli yangu ni kuniambia nisile, na mtoto asile. Usiku ule ule nilimwuliza, akanifumba jicho kwa ngumi."

Asubuhi alikwenda kwa mjomba akiwa na jicho lililofunga, amemshika mtoto mkono. Safari hii Mjomba Kangwa hakusema habari za kuvumilia. Aliingia ndani akavaa viatu, na walipotoka walielekea moja kwa moja mahakama ya mwanzo ya Lubansa.

Kufungua kesi ya talaka siku zile hakukuwa na mzunguko. Ulisema jina lako na la mwenzako, mwaka mliooana na nani alipokea mahari, ukalipa ada, tarishi akapeleka wito. Wanasheria hawaruhusiwi katika mahakama hizi. Mke anasema, mume anasema, mshenga anasema, na watu wa mtaa wanasikiliza kutoka madirishani.

Mukupa alipoulizwa kama anakubali talaka, alijibu kwamba bado anampenda mke wake. Hakimu wa wakati huo, mzee ambaye sasa ni marehemu, alimtazama Exildah usoni, kisha akamwuliza Mukupa anampenda kwa mkono upi, wa kulia au wa kushoto. Watu wa madirishani walicheka. Exildah hakucheka, kwa sababu uso ulikuwa bado umevimba.

Mzee Chishala alisimama akathibitisha kwamba ndoa aliileta yeye, na kwamba imemshinda. Talaka ikatolewa. Mukupa aliamriwa kulipa fidia kidogo kidogo kila mwezi. Hakulipa hata ngwee moja.

"Sikumdai," anasema. "Niliona nimepata kubwa. Nilipata karatasi yenye mhuri. Nikaiweka kwenye sanduku la bati nililolitengeneza mwenyewe."

Miaka ikapita. Reli nyingine ikapatikana, kibanda kikapatikana sokoni, sanduku likahamia kibandani kwa sababu chumba alichopanga kilikuwa kinavuja. Mwaka ule soko la Lubansa lilipoungua, safu nzima ya mafundi iliteketea. Sanduku lilibaki, ila vilivyokuwamo vilikuwa majivu. Exildah alihesabu hasara ya zana na mali. Cheti cha talaka hakikumjia hata akilini, kwa maana nani anarudi kudai mke baada ya miaka kumi?

Mukupa alirudi baada ya kumi na saba.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Exildah alikuwa uani anatwanga karanga za kutia kwenye kisamvu, akaona mtu anaingia na begi. Mgodi ulikuwa umempunguza kazini, mashavu yameingia ndani, lakini sauti ilikuwa ile ile. Alivuta kiti, akakaa, akasema, "Mama Chileshe, nimerudi nyumbani."

Exildah alidhani amerukwa na akili. Alimpa maji, kwa kuwa mgeni hanyimwi maji. Mukupa alikunywa, akauliza nshima, ugali wa huku, itakuwa tayari saa ngapi, kisha akainuka na kuanza kuupima ua kwa hatua, toka ukutani hadi barabarani.

Alirudi wiki iliyofuata akiwa na mfanyabiashara mmoja wa mjini. Barabara ya mgodini inapanuliwa, na huyo tajiri alikuwa akitafuta viwanja vya kujengea kituo cha mafuta. Mukupa alimwonyesha choo, alimwonyesha kisima, alimwonyesha na mti wa mpapai. Alikuwa akisema "kwetu hapa".

"Nilitoka na nyundo," anasema Exildah. "Hii hii. Wakanishika. Ningeachiwa, leo ungekuwa unakuja kunihoji gerezani."

Siku chache baadaye tarishi alimletea wito hapa hapa sokoni. Davies Mukupa alikuwa amemshtaki Exildah Kapembwa, akiiomba mahakama impatanishe na mke wake aliyemfungia mlango wa nyumba yao.

"Nilisoma, nikasoma tena. Nikampa Jere asome, nikidhani macho yangu yameharibiwa na cheche. Jere akanyamaza. Ukiona Mngoni amenyamaza, ujue msiba umefika."

Mahakamani alimkuta hakimu mpya, mama mwenye sauti ya chini, asiyejua lolote la miaka ile. Mukupa alieleza kwamba aliondoka kutafuta riziki, kama wanaume wengi, na kwamba mke amenogewa na pesa. Exildah alisema hakuna mke hapa, waliachana katika mahakama hii hii. Hakimu alimwambia jambo hilo ni jepesi. Alete cheti.

Kiliungua, akajibu. Basi alete kumbukumbu ya kesi kutoka kwa karani wa mahakama.

Hapo ndipo alipojua kwamba Mukupa hakuja kwa kubahatisha. Moto wa soko aliusikia, kama kila mtu wa mkoa huu alivyousikia. Na alijua jambo jingine. Jengo la zamani la mahakama ya Lubansa paa lake liliporomoka katika masika ya miaka michache nyuma, na mafaili yalihamishwa kwa lori la wazi, mvua ikinyesha.

Karani, kijana aitwaye Siame, alimwambia arudi Jumatatu. Jumatatu Siame alikuwa msibani. Akaambiwa arudi Alhamisi, na Alhamisi ufunguo ulikuwa kwa mtu aliyekwenda semina. Kila safari ni siku bila jiko, na siku bila jiko ni siku bila unga. Alipopata ufunguo hatimaye, ulimpeleka wilaya ya jirani, kwenye ghala moja nyuma ya ofisi za serikali.

Ndani kulikuwa na magunia ya mbolea. Talaka, mirathi, kesi za ugoni na za mipaka ya mashamba zilikuwa zimeshindiliwa humo na kukanyagwa zienee. Mchwa walikuwa wameanzia chini. Exildah aliomba ruhusa ya kutafuta mwenyewe, akajifunga chitenge puani, akaanza kuchambua.

"Kurasa zimegandana kama ukoko wa sufuria. Unabandua jina la mtu, linabaki mkononi. Niliona talaka za wanawake ninaowajua. Mwanamke ninayesali naye. Mwanamke anayeniuzia mkaa. Wote wamelala humo ndani ya magunia na wao hawajui."

Alirudi kwenye ghala lile mpaka mlinzi akawa anamwekea kiti. Ya kwake hakuiona. Mwaka wake wote haukuwepo. Labda uliangukia njiani, labda uliliwa na mchwa.

Aliporudi kwa Siame na vumbi kichwani, kijana yule alimhurumia kwa namna yake. Alimwambia mama, kwa nini unajisumbua, fungua tu kesi mpya ya talaka. Ada si kubwa, mume mwenyewe yupo, kwa mwezi mmoja mambo yatakuwa yamekwisha. Alikwisha chukua na kalamu.

Exildah aliinua macho akamwuliza, "Hapo utaandika mimi ni nani?"

"Mke, mama. Mdai. Mke wa Davies Mukupa."

"Na nyumba?"

Siame alieleza kwamba mali iliyopatikana ndani ya ndoa, mahakama itaiangalia na kuigawa kwa haki.

"Mwanangu," alimwambia, "nikiomba talaka leo, nimekubali kwamba jana nilikuwa mke wake. Na juzi. Na siku niliyokuwa nimebeba matofali ya ile nyumba kichwani, nimekubali nilikuwa nambebea yeye. Weka kalamu chini. Mwanamume mmoja siachani naye mara mbili."

Kwa hesabu ya ofisi, Siame hakukosea. Wanawake wangapi wameambiwa hivyo wakaitikia, kwa uchovu tu? Wamesaini kwamba ni wake za watu waliokwisha achana nao, wakatoka na talaka mpya na nusu ya nyumba. Ofisi iliyopoteza karatasi haiulizwi. Anayeulizwa ni yule aliyeitunza mpaka moto ukamkuta.

Akaenda kwa mshenga. Mzee Chishala bado anaishi nyuma ya kanisa, amezeeka, lakini anatembea na kusoma bila miwani. Exildah alimchukulia sukari. Mzee alimpokea vizuri, akaulizia habari za Chileshe, akakumbuka hata rangi ya sahani alizobeba siku ya posa. Alipoulizwa habari za talaka, alisema kichwa chake siku hizi hakishiki mambo.

Alikuwa amevaa koti jipya la sufu, katika joto la Oktoba. Mkewe, kwa kutojua, alisema koti limeletwa na baba Chileshe.

"Wanasema mjumbe hauawi," anasema Exildah, na bati linapata pigo ambalo halikuhitaji. "Siku ile mjumbe alinusurika. Nilichukua sukari yangu nikatoka nayo."

Kwa Exildah hiyo ndiyo siku aliyofika mwisho. Alikuja sokoni, akakaa kwenye rimu, hakufanya kazi. Jere aliacha utani. Akamwuliza swali ambalo Exildah anakiri lilikuwa mbele ya pua yake wakati wote: huyu mwanamume, baada ya kuachwa na wewe, hakuoa tena?

Alioa. Mwanamke huyo anaitwa Royda, anaishi mji wa pili wa migodi, mwendo wa saa mbili kwa basi. Kwa miaka yote hiyo Exildah alikuwa amelikwepa jina hilo kama unavyolikwepa shimo la choo gizani. Wakati Mukupa halipi fidia, aliambiwa pesa zinakwenda kwa Royda. Wakati Chileshe anakosa sare za shule, aliambiwa Royda ana kabati la vioo.

Alikwenda akiwa amejiandaa kwa matusi. Alimkuta mwanamke mwembamba anakaanga vitumbua nje ya nyumba ya kupanga, na hakuna kabati la vioo. Exildah alijitaja jina. Royda aliipua karai kwanza, kisha akamletea kigoda.

Royda aliambiwa Mukupa yuko Solwezi, kwenye migodi mipya, anatafuta kazi. Alipigiwa simu mara kadhaa akaombwa pesa ya nauli na ya chakula, akatuma kutoka kwenye vitumbua. Exildah alipompa ule wito wa mahakama asome, Royda alisoma taratibu kwa kidole mpaka mwisho.

"Kumpatanisha na mke wake," alirudia. "Mimi ni nani basi, dada?"

Neno hilo, dada, ndilo lililomlegeza Exildah. Walikaa mpaka mafuta yakapoa. Na katika mazungumzo hayo ndipo Royda alipotaja, kama jambo la kawaida tu, kwamba yeye aliolewa bomani, kwenye ofisi ya wilaya. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, hakutaka ndoa ya sahani. Alitaka ndoa ya serikali, ya mke mmoja. Na alikuwa amemwambia Mukupa kwamba hatampa binti mpaka aone talaka ya mke wa kwanza.

Mukupa alileta cheti. Alikipeleka bomani kwa mkono wake mwenyewe, na bomani walikiingiza kwenye faili la ndoa.

Kesho yake wanawake hao wawili waliingia bomani pamoja. Mama mmoja wa makabrasha, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliuliza mwaka na jina, akaenda nyuma, akarudi na faili kavu, safi, lenye kamba. Chai yake ilikuwa bado inafuka mvuke mezani. Ndani kulikuwa na nakala ya cheti cha talaka cha mahakama ya mwanzo ya Lubansa, mhuri wa mahakama, saini ya hakimu marehemu. Nyuma yake, kiapo cha Davies Mukupa kwamba hana mke, aliachana naye kihalali.

Nilimwuliza Exildah kama alilia.

"Nilitaka kupiga kitu. Bomani hakuna bati."

Siku ya kesi, madirisha ya mahakama yalijaa kama zamani. Mukupa alikuja na mzee Chishala, na koti. Alirudia maelezo yake yote bila kujikwaa, na akamalizia kwamba pamoja na yote, bado anampenda mke wake.

Hakimu alimwuliza kama ana mke mwingine popote. Akasema hana.

Royda alisimama kutoka benchi la nyuma. Hakimu alimwuliza Mukupa kama anamfahamu mwanamke yule. Alisema anamfahamu, ni mtu wa kanisani kwao.

"Mheshimiwa," alisema Royda, na hakupandisha sauti, "mimi ni mke wake wa bomani. Aliniambia yuko Solwezi. Nimekuwa nikimtumia nauli."

Wa madirishani walipiga mluzi, tarishi akawanyamazisha. Nakala kutoka bomani, yenye mhuri wa kuthibitishwa, ikapelekwa mezani. Hakimu aliisoma yote. Kisha alimwambia Mukupa kwamba bomani aliapa aliachana, na hapa ameapa hajawahi kuachana, kwa hiyo mojawapo ya viapo hivyo ni uongo kwa serikali. Achague ni kipi.

Mukupa alisema alikuwa amechanganyikiwa. Maisha ni magumu, mgodi umemtupa. Aliposema hivyo alimtazama Exildah, kana kwamba yeye ndiye atakayemwombea.

Kesi ilifutwa. Hakimu alitamka kwamba hakuna ndoa ya kupatanisha, kwa kuwa ilivunjwa na mahakama hii hii miaka kumi na saba iliyopita, na akaagiza habari ya viapo ipelekwe polisi. Mzee Chishala alitoka kabla hukumu haijaisha.

Exildah aliomba kusema neno. Aliuliza ni nani atamlipa zile siku alizochambua magunia, na ni nani atakayejibu kwa nini mahakama ilimwachisha halafu ikasahau. Hakimu alimjibu kwa upole kwamba hilo si shauri lililo mbele yake. Akaita kesi inayofuata.

Hakuna aliyemwambia pole. Hilo ndilo analolirudia kuliko yote, kuliko hata habari za Mukupa. Polisi wanasema uchunguzi unaendelea, na mtuhumiwa anaonekana baa karibu kila jioni. Tajiri wa kituo cha mafuta alinunua kiwanja cha jirani, akajenga, na sasa malori ya mafuta yanapita mbele ya nyumba ya Exildah yakitikisa vikombe.

Na Royda? Royda anataka kuachika, lakini ndoa yake ni ya bomani, na mahakama ya mwanzo haina mamlaka ya kuivunja. Inabidi aende Mahakama Kuu, kwenye wanasheria na ada zao. Baba yake aliitaka ndoa ya serikali ili binti awe salama. Exildah akilisimulia hilo, nyundo inakaa kimya kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Mimi ya sahani niliitoka kwa siku moja. Yeye ya serikali ataitoka lini?" anasema. Wamepata ofisi inayosaidia wasio na uwezo, na mwezi ujao watapanda basi pamoja kwenda kusikiliza.

Lakini kabla ya hapo kuna Ijumaa hii. Majina aliyoyaona ghalani hayakumtoka. Tangu kesi iishe, kila jioni akifunga kibanda anapita nyumba kwa nyumba, kwa yule wa kanisani, kwa yule wa mkaa, kwa mjane mmoja ambaye mtalaka wake alihamia mbali na anadhani hatarudi. Anawaambia kila mmoja wapi karatasi yake imelala na gunia la rangi gani. Wengine walimcheka. Mmoja alimfungia mlango, akisema anamchimbulia aibu.

Ijumaa wanakwenda mahakamani, wote waliokubali, kudai nakala zenye mhuri wakati wino bado unasomeka. Siame ameshapata habari, na amemtumia ujumbe kwamba ofisi haiwezi kuhudumia kundi, waje mmoja mmoja kwa wiki.

Exildah anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii, kicheko kifupi kisicho na raha. Anakamata koleo, anakunja mdomo wa jiko, anaugonga ukae.

"Nimewaambia kila mtu abebe nshima yake na chitenge cha kukalia," anasema. "Mmoja mmoja ndivyo walivyotuoa. Ijumaa tunaingia wote."